Maswali ya Wasomaji: Mgeni Anapokuja Kuzungumzia Kriketi

Mwezi huu safu yetu imepokea barua kadhaa kutoka Mtwara na Lindi ambazo, ingawa zimeandikwa na watu wasiojuana, zinaulizia jambo moja: wapenzi wa kriketi wafanye nini ili jioni wanayomwalika mgeni kuzungumza isigeuke kuwa sherehe ya hotuba. Mimi ninayezijibu niliwahi kuwa katibu wa chama cha aina hiyo, na baadhi ya makosa nitakayoyataja niliyafanya mwenyewe.

*Ndugu Mhariri, sisi ni wapenzi wa kriketi wapatao 25 hapa Mtwara mjini, wengi wetu walimu, wenye maduka na wanachuo. Tunaazima kiwanja cha shule siku za Jumapili, na mvua zikishaanza Desemba kiwanja hicho hakichezeki tena hadi Aprili. Mwenyekiti wetu alisoma kwamba vyama vya kriketi vya Uingereza hualika wageni wazungumze nyakati za jioni, nasi tukajaribu. Tulimwalika mgeni, tukaandika risala, tukamkodi mshereheshaji, tukapamba meza kuu. Mgeni alizungumza dakika kumi, akatuahidi vifaa vya michezo, akaondoka. Tulikosea wapi?*
*Katibu, Shangani, Mtwara*

Ndugu Katibu, adabu hamkuivunja hata kidogo; mlichokosea ni aina ya mgeni. Mlichokiandaa ni shughuli ya mgeni rasmi, na mgeni rasmi popote katika nchi hii anaijua kazi yake: hupokewa, husomewa risala, huijibu, huahidi, hupigiwa makofi, kisha huondoka kwa kuwa anasubiriwa kwingine. Mkishamsomea shida zenu, mmekwisha kumfunga mdomo, kwa maana hawezi tena kusimulia alivyokaa uwanjani saa sita akingoja zamu yake ya kupiga, ilhali ukumbi mzima unangoja kusikia atatoa magongo mangapi.

Desturi mliyoisoma ina asili yake katika hali ya hewa. Uingereza huchezwa kriketi kuanzia Aprili hadi Septemba, na baada ya hapo baridi na giza la mapema huwafungia watu ndani. Kwa hiyo wanachama, ambao hulipa ada ya mwaka, hukutana ukumbini mara moja kwa mwezi wakamsikiliza mchezaji mstaafu, mwamuzi, mwandishi wa habari za michezo au mtunza uwanja. Kwa kawaida mgeni huzungumza, watu hupumzika kwa kinywaji, kisha maswali hufuata na kuchukua muda mrefu karibu sawa na mazungumzo yenyewe. Anayetoa neno la shukrani mara nyingi ni mwanachama wa kawaida aliyeombwa mapema, naye husema maneno machache na kuketi. Meza kuu haipo, na risala haipo.

Ninyi mna bahati ambayo pengine hamjaitambua: miezi yenu ya mvua ni karibu ileile miezi yao ya baridi. Hata hivyo, nisingewashauri kuanza Oktoba kama wao, kwa sababu Oktoba na Novemba huko kwenu ni wakati wa korosho, na nusu ya wanachama watakuwa maghalani au wakifuatilia bei ya mnada. Anzeni Januari, mfululize hadi Aprili. Jioni nne kwa mwaka zinatosha chama cha watu 25. Chagueni Jumamosi, baada ya swala ya Isha, wala msijaribu kujibana kati ya Magharibi na Isha, kwa kuwa muda ule ni mfupi na watu wataanza kuchungulia saa kabla mgeni hajafika kiini cha habari yake. Ifikapo saa nne usiku mfunge, ili wanaorudi Mikindani wapate bajaji bila kulanguliwa.

Lingine ni ukumbi. Mwaka mmoja chama chetu kilimleta mwamuzi mstaafu katika ukumbi ulioezekwa kwa bati usio na dari. Alipofika mahali pa kueleza jinsi mpigaji anavyotolewa kwa mpira kumpiga mguu mbele ya wiketi, yaani vile vijiti vitatu anavyovilinda, jambo ambalo wengi tulikuwa tumelisubiri jioni nzima, mvua ikashuka. Kwa muda wa dakika 40 tulitazama midomo yake ikicheza na kidole chake kikipanda juu kumtoa mpigaji asiyeonekana, na hata kipaza sauti hakikufua dafu. Tafuteni chumba chenye dari, hata kama ni kidogo, hata kama ni darasa. Watu 25 katika darasa ni hadhira iliyojaa. Watu haohao katika ukumbi wa watu 300 huonekana kama waliofika msibani mapema.

*Mpendwa Mjibu, tumekubaliana tuwe na jioni za wageni, lakini tumekwama kwenye swali la nani aalikwe. Wachezaji wanaojulikana wako Dar es Salaam, na kwetu hakuna aliyewahi kuichezea timu ya taifa. Je, si afadhali tukatazama mechi kwenye televisheni?*
*Mwanachama, Chikongola, Mtwara*

Ndugu Mwanachama, televisheni mnaweza kuitazama kila mmoja nyumbani kwake. Ukweli ni kwamba Dar es Salaam ni mbali, zaidi ya kilomita 550 kwa barabara, na barabara yenyewe ina historia yake: Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zilizofuatana nacho viliikata njia ya kusini upande wa Lindi, magari yakakwama. Chama kitakachotegemea mgeni wa mbali peke yake, tena katika miezi ya mvua, kitakuja kukaa jioni moja kikitazama kiti kitupu. Kwa hiyo kila mnapomwalika mtu wa mbali, mwekeni mwenyeji wa akiba aliyejiandaa kikamilifu, naye mwambieni tangu mwanzo kwamba ni wa akiba. Asiposimama mwezi huu atasimama mwezi ujao.

Nani huyo mwenyeji? Kwanza ni wazee waliouona mchezo huu. Katika miji ya pwani bado wapo watu waliosoma au kufanya kazi Dar es Salaam, Tanga, Nairobi au Kampala katika miaka ya 1960 na 1970, wakati kriketi ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikichezwa kwa timu ya pamoja. Timu hiyo ilikwenda Uingereza mwaka 1975 katika Kombe la Dunia la kwanza la wanaume, na hiyo peke yake ni mada ya jioni nzima. Ilicheza mechi 3 na kufungwa zote. Katika mechi ya kwanza, uwanjani Edgbaston mjini Birmingham, Glenn Turner wa New Zealand alifungua upigaji na ova zote 60, kila ova mipira sita, zikaisha akiwa bado hajatolewa, na mikimbio, yaani alama, 171 mkononi. New Zealand ikafikisha 309, na vijana wetu wakajibu kwa 128. India ikawafunga bila kupoteza wiketi hata moja, yaani bila mpigaji wake yeyote kutolewa, kisha Uingereza ikawatoa wote kwa mikimbio 94.

Msomaji asiyependa kushindwa ataona habari hiyo haifai kusimuliwa. Mimi naona kinyume chake, kwa sababu timu iliyofungwa ina visa vingi kuliko iliyoshinda. Nahodha wake alikuwa Harilal Shah wa Kenya. Mmoja wa wachezaji, John Nagenda wa Uganda, alikuwa mwandishi na baadaye akawa mshauri wa rais wa nchi yake. Mwingine, Don Pringle, alikuwa na mtoto aitwaye Derek ambaye alikua akaja kuichezea Uingereza, yaani timu ileile iliyomfunga baba yake. Mzee mmoja anayekumbuka jinsi habari za mechi hizo zilivyosikika redioni, au zilivyosomwa katika gazeti lililofika kwa kuchelewa, atawapa jambo ambalo hakuna mtangazaji atakayewapa. Mwendeeni nyumbani kwanza, mumwamkie, mkae naye. Mzee hajui kama anachokikumbuka kina thamani mpaka aulizwe.

Pili ni vijana. Timu ya Tanzania ya wavulana wa chini ya miaka 19 ilifuzu mwaka 2025, kwa mara ya kwanza, kucheza Kombe la Dunia la umri huo la mwaka 2026 nchini Zimbabwe na Namibia. Kijana aliyepita katika mazoezi ya timu kama hiyo, hata kama hakuchaguliwa mwishoni, anaweza kueleza namna wachezaji wanavyopimwa na kupangwa, na kuchujwa kunavyouma. Mwanafunzi wa sekondari wa Mtwara atamsikiliza huyo kwa makini kuliko atakavyonisikiliza mimi.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati hapa Lindi. Chama cha kriketi cha vijana kimeniomba nizungumze katika jioni yao, lakini maisha yangu yote sijawahi kupiga mpira wa kriketi hata mmoja. Kazi yangu imekuwa kuandika daftari la matokeo tu. Naona aibu kusimama mbele ya wachezaji. Nikatae?*
*Mstaafu, Lindi*

Mwalimu wangu, shikamoo. Tafadhali usikatae, na wala usiseme "tu" unapolitaja daftari la matokeo. Katika mchezo huu mwandishi wa matokeo ndiye peke yake anayekiona kila kitu, kwa maana mchezaji hukumbuka mpira uliomtoa, mwamuzi hukumbuka uamuzi uliomletea kelele, ila daftari hukumbuka hata ule mpira ambao haukufanya chochote na ukaandikiwa nukta. Kriketi ina mapenzi makubwa na hesabu kuliko mchezo mwingine wowote ninaoujua, na baadhi ya visa vyake vizuri mno havieleweki mpaka apatikane mwalimu wa kuvifundisha ubaoni.

Nakupa viwili, nawe utaongeza vyako. Donald Bradman wa Australia aliingia kupiga kwa mara ya mwisho katika mechi za Testi, zile za kimataifa za siku kadhaa, tarehe 14 Agosti 1948, katika uwanja wa The Oval, London. Alihitaji mikimbio 4 peke yake ili wastani wake wa maisha ufike 100 kamili. Mrushaji Eric Hollies akamtoa kwa mpira wa pili, bila mkimbio hata mmoja. Sasa waandikie vijana ubaoni: mikimbio 6,996, ametolewa mara 70. Waache wagawanye wenyewe. Watapata 99.94. Kisha waongeze ile minne iliyokosekana, iwe 7,000 kwa 70, nawe unyamaze kidogo. Nimeona watu wazima, wenye maduka na mahesabu yao, wakishika vichwa mbele ya mgawanyo huo kama waliopoteza mzigo wa korosho.

Cha pili ni cha mvua, na kwenu mvua mnaijua. Tarehe 22 Machi 1992, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia mjini Sydney, Afrika Kusini ilikuwa ikihitaji mikimbio 22 kwa mipira 13 dhidi ya Uingereza, kazi ngumu lakini inayowezekana, mvua ikanyesha. Kwa kanuni ya wakati ule, ova zilizopotea zilihesabiwa kwa kuziondoa zile ambazo mpinzani alipata mikimbio michache zaidi. Wachezaji waliporudi uwanjani, ubao ulionyesha 22 kwa mpira 1. Mpigaji hapati zaidi ya 6 akiupiga mpira nje ya uwanja hewani, hivyo mechi ilikuwa imekwisha kabla ya mpira kurushwa. Watakwimu wawili wa Uingereza, Frank Duckworth na Tony Lewis, wakatengeneza kanuni nyingine iliyoanza kutumika mwaka 1997, ambayo huhesabu ova zilizobaki pamoja na wiketi zilizobaki, kwa kuwa timu yenye wiketi nyingi mkononi inaweza kuthubutu zaidi. Ona, Mwalimu, walioiokoa kriketi na mvua hawakuwa wapigaji wala warushaji. Walikuwa watu wa daftari, kama wewe.

Nenda na madaftari yako ya zamani, yapitishwe mkono kwa mkono. Usiyaache yapite wakati unazungumza, kwa sababu watu wataangalia kurasa wakaacha kukusikiliza; yatoe wakati wa chai.

*Mheshimiwa, sisi tunabishana kuhusu fedha. Wengine wanasema mgeni apewe bahasha, wengine wanasema kumlipa ni kumdharau. Na je, wahudhuriaji walipe kiingilio?*
*Mweka Hazina, Masasi, mkoa wa Mtwara*

Ndugu Mweka Hazina, nauli, malazi na chakula si bahasha. Hivyo ni wajibu wa mwenyeji, na mgeni asilazimike kuviulizia. Kiasi cha nauli kitajwe katika barua ya mwaliko na kitolewe anapofika, siyo anapoondoka, maana mgeni anayewaza atarudije nyumbani hasimulii vizuri. Zaidi ya hapo zawadi inatosha, nanyi watu wa kusini zawadi mnazo: kilo mbili za korosho zilizobanguliwa vizuri au kinyago kidogo cha Kimakonde. Kikubwa msimpe kama anasafiri kwa basi. Nilishamwona mzee wa watu akipakata kinyago kirefu cha ujamaa njia nzima hadi Dar es Salaam, asijue akiweke wapi.

Kiingilio kwa wanachama hapana, wao wanalipa ada. Kwa wasio wanachama kiwe bei ya chai na sambusa, na wanafunzi wasilipe.

*Mpendwa Mjibu, mgeni wetu alizungumza nusu Kiingereza, na waliokuwa nyuma hawakuelewa. Kriketi inaweza kuzungumzwa kwa Kiswahili?*
*Msomaji, Nachingwea, mkoa wa Lindi*

Inaweza, tena vizuri. Magazeti yetu yamekwisha kuzoea mikimbio, wiketi na ova, na mpigaji, mrushaji na mwamuzi hawahitaji tafsiri. Neno linalonisumbua mimi ni gongo, kwa kuwa katibu akitangaza msikitini au kanisani kwamba chama kinatafuta magongo, huenda mwenyekiti wa mtaa akafika kabla ya mgeni. Semeni gongo la kriketi, kwa ukamilifu wake. Mpelekeeni mgeni orodha ya maneno kumi wiki moja kabla, mwandike maneno hayohayo ubaoni, na muweke mezani mpira, gongo la kriketi na vijiti vitatu vya wiketi. Mtu akiwa na kitu mkononi, mikono yake humsaidia pale ulimi unapokwama.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa chuo Mtwara na ni mwanachama wa chama cha kriketi. Kila jioni ya mgeni, maswali huchukuliwa na wazee walioketi mbele. Anasimama mtu anasema ana swali lenye sehemu tatu, na sehemu ya kwanza ni historia ya maisha yake. Sisi wasichana tunaokaa nyuma hatujawahi kuuliza hata mara moja. Nilipolisema hili niliambiwa nisiwavunjie wazee heshima.*
*Mwanafunzi, Mtwara*

Binti yangu, umelisema kwa adabu kuliko ambavyo mimi ningelisema. Heshima ya wazee ni kuwapa viti vya mbele na chai ya kwanza. Kipaza sauti ni mali ya chama. Mwenyekiti ndiye mwenye jukumu hapa, na kama analiona jambo hili kuwa dogo, mwonyeshe aya hii.

Chama changu kilitumia njia rahisi ya karatasi. Kila anayeingia hupewa kipande cha karatasi na kuandika swali moja, sentensi moja, bila jina. Mwenyekiti huzikusanya, huzichanganya na kuzisoma yeye mwenyewe, akianza na zilizotoka safu ya nyuma. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, swali lililomfanya mgeni wetu, mrushaji wa zamani, aweke glasi chini na kufikiri kwa muda lilikuwa hili: je, ulikuwa ukijua mpira utaelekea wapi kabla haujaondoka mkononi? Alijibu kwa robo saa, akasimama, akavua koti, akatuonyesha vidole vinavyoshika mshono wa mpira. Baadaye tukagundua kwamba mwandishi wa swali alikuwa msichana wa kidato cha pili aliyekuja kumsindikiza kaka yake.

Nanyi mnaokaa nyuma msingoje kuuliza tu. Pendekezeni na mada. Kombe la Dunia la kriketi la wanawake lilichezwa Uingereza mwaka 1973, miaka miwili kabla ya lile la wanaume, na mechi iliyoamua bingwa, ambapo Uingereza iliyoongozwa na Rachael Heyhoe Flint iliifunga Australia, ilichezwa Edgbaston, uwanja uleule ambao timu ya Afrika Mashariki ilikuja kufungwa mwaka 1975. Waambie wazee wa mbele kwamba wanawake walitangulia, na kwamba wewe na wenzako mtaizungumzia habari hiyo Februari, dakika 40, kisha maswali.

Kuhusu zile karatasi, hakikisheni zinakusanywa kabla ya chai. Baada ya chai wazee huwa wamekwisha kushika kipaza sauti.